Lake Michaelson kupitia Chogoria: mzee wa njia mia kwa mia, kampuni nusu nusu

Nianze na bei ya safari hii ya Mlima Kenya maana najua ndo mnayoitafuta. 16,000 kwa kichwa, Ijumaa kutoka Nairobi Jumapili kurudi, na ndani yake kuna usafiri mpaka Chogoria, Land Cruiser ya kuwapandisha msituni, hema, chakula, mwongozaji na ada ya mbuga kwa raia. Porta wa kukubebea mzigo wako unamlipa kando, bakshishi nayo kando. Nyota natoa tatu na nusu, na karibu zote ni za mtu mmoja, mzee wa Chogoria aliyetuongoza Jumamosi nzima. Kampuni yenyewe siitaji jina, kwanza sitaki kesi, pili safari hii wanaiuza wengi kwa bango lile lile na sidhani hawa ndo wabaya kuliko wenzao.

Siku yenyewe iko hivi: mnaamka kambini Lake Ellis kungali giza, mnakatiza uwanda wa nyasi mpaka mshuke bonde la Gorges, mnafika Lake Michaelson, halafu mnapanda ukuta wa mawe kwa mikono na miguu mpaka Hall Tarns, juu ya ule mwamba unaoitwa Temple, ndo mnarudi kwa kufuata ukingo wa bonde hadi Roadhead, mwisho wa barabara, gari linapowasubiri. Au linapotakiwa kuwasubiri, nitafika hapo. Watu wa njia zile nyingine za Sirimon na Naro Moru mnisamehe lakini kwangu upande huu ndo uzuri wa Mlima Kenya wote ulipojificha, kila baada ya saa moja mlima unakuonyesha kitu kingine kabisa, mara bonde, mara maporomoko, mara ziwa, siyo ule mwendo wa kutazama visigino vya aliye mbele yako kutwa nzima.

Sasa bango. Bango liliandikwa "inafaa hata anayeanza". Jamani. Lake Ellis iko kama mita 3,450, Nairobi wengi wetu tunalala chini ya 1,800. Yaani mtu ametoka ofisini Ijumaa, hajanywa maji ya maana tangu asubuhi, na usiku huo huo analazwa juu ya kilele cha Longonot kwa karibu mita 700, kisha kesho yake anapandishwa tena mpaka 4,300 pale Hall Tarns, ambako pumzi moja inakupa oksijeni kama asilimia 60 ya ile ungepata ukiwa ufuoni Mombasa. Hiyo siyo ya anayeanza, na hata kwa mzoefu ni haraka mno, mwili hauna habari na uzoefu wako. Usiku kwenye kambi nusu ya kikundi walikuwa na kichwa kinachopasuka na mmoja alikuwa anatapika nyuma ya gari, na yule kijana wa kampuni aliyekuja nasi kutoka Nairobi anasema ati "ni baridi tu, kunyweni chai". Mzee ndo alipita hema kwa hema na tochi yake ya kichwa akiuliza kila mtu umekula nini, umekojoa mara ngapi, kichwa kinauma mbele au kote, na yule wa kutapika akamwambia wazi kesho wewe hupandi, kukiendelea hivi usiku huu huu unashushwa mpaka getini. Kijana wa kampuni akaanza kunung'unika kuhusu mpango, mzee wala hakumjibu, akaenda kumwamsha dereva amwambie akae tayari. Nyota ya kwanza hiyo.

Nirudi nyuma kidogo kwenye usafiri. Tulitakiwa kutoka mjini saa nne asubuhi, tukatoka saa saba na nusu kwa sababu kulikuwa na watu wawili wa kusubiriwa, na ukichelewa hivyo kwa njia ya Embu na Chuka ujue utaingia msituni na giza. Kutoka mji wa Chogoria mpaka geti la KWS, shirika la wanyamapori, ni kama kilomita 30, mwanzo ni mashamba ya chai mazuri kabisa, halafu msitu mzito, halafu mianzi, na barabara hiyo ikinyeshewa ni matope mekundu mpaka kwenye ekseli, gari dogo lako liache huko chini kwa amani. Land Cruiser ilikuwa nzee lakini dereva anajua kazi yake, sina neno na yeye. Nina neno na idadi ya watu waliopakiwa mle ndani, nimekaa goti langu likiwa mbavuni mwa mtu nisiyemjua jina kwa zaidi ya saa mbili. Na tukakosa kuona msitu wote ule mchana, ambao peke yake ungelipa nusu ya nauli. Getini malipo ni ya eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, pesa taslimu hawagusi, kwa hiyo kama kampuni yenu haijalipa mapema mtakaa hapo mkitafuta netiweki na nyati wakiwaangalia. Hiyo walifanya vizuri, risiti walikuwa nazo.

Kambi sitaki kuisema sana. Hema lilikuwa zima, begi la kulalia la kukodi lilikuwa na zipu iliyokufa kwa hiyo nikalala na jaketi, soksi mbili na hasira. Chakula cha usiku kilikuwa ndengu na chapati za moto, kitamu. Mpishi apewe salamu zake.

Tuliamshwa saa tisa na nusu, tukatoka saa kumi na nusu alfajiri, na hapo ndo pesa inaanza kuonekana imeenda wapi. Mzee ana mwendo wa ajabu, unaanza kutembea naye unajiuliza kwani huyu amechoka, mbona polepole hivi, wale vijana wa jimu wakawa wanamkanyaga kisigino wakitaka kumpita. Akawaambia "vijana wangu, mkinipita mnipitie na majibu ya saa nane mchana". Kweli saa nane mchana wao ndo walikuwa wamekaa juu ya mawe na yeye anaendelea na mwendo ule ule wa alfajiri. Amevaa gambuti. Watu wana buti za elfu ishirini yeye ana gambuti nyeusi za kuchungia ng'ombe, na kwenye ule uwanda wa matope na vishina vya nyasi, ambapo unaruka hapa unazama pale, alikuwa mkavu peke yake.

Kulipopambazuka tulikuwa ubavuni mwa Giant's Billiard Table, kile kilima cha juu bapa, na Batian na Nelion, vilele viwili vya juu kabisa, zimesimama mbele yetu zote mbili bila wingu hata moja. Batian ni 5,199, Nelion 5,188, ukiangalia kutoka huku huwezi kuona tofauti hiyo ya mita kumi na moja. Mzee akatupa historia kidogo, kwamba majina hayo ni ya laiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, na aliyeyaweka ni yule Mwingereza Mackinder aliyefika kilele 1899 na waelekezi wake wawili, Ollier na Brocherel, na kwamba Lenana, kile kilele cha wapanda kwa miguu tunachokiendea mbio sisi wote, ni jina la laiboni pia. Alisimulia dakika mbili tu tukiwa tunakunywa maji, hakugeuza kuwa somo. Na akatusisitizia tupige picha sasa hivi maana saa nne mawingu yanapanda kutoka msituni na hizo tutazisahau. Saa nne kasorobo mawingu haya hapa. Kwa hiyo kampuni yoyote inayokuambia mtatoka kambini saa moja baada ya chai, ujue wanakuuzia ukungu.

Kitu kimoja nilichopenda sana ni lobelia. Zile fupi zenye majani yaliyojipanga duara zinashika maji katikati, na alfajiri maji yale yanakuwa na barafu juu kama kifuniko, mzee akagonga moja kwa kucha ikalia tii, akasema tusivunje, hiyo barafu ya juu ndo inalinda kichipukizi kilicho chini kisigande. Usiku majani yanajifunga, jua likitoka yanafunguka. Na zile ndefu zenye manyoya, na ile mimea ya senesio, mikubwa kama miti, iliyovaa majani yao makavu kiunoni kwa sababu ya baridi hiyo hiyo. Ndege mmoja aina ya chozi, wa kijani kibichi, anang'aa alikuwa anazunguka kwenye lobelia moja ya manyoya na hakutuogopa hata kidogo.

Kushuka Gorges ni magoti. Njia inateremka kwa mawe yaliyolegea na nyasi za kuteleza, Vivienne Falls unazisikia kabla ya kuziona, na upande wa pili kuta za bonde zimepanda juu tu moja kwa moja. Hili bonde lilichongwa na barafu zamani, barafu ambayo leo imebaki vipande huko juu kwenye vilele na inazidi kuisha, na maji yanayotoka hapa ndo mto Nithi, ule ule unaopita chini ya lile daraja ambalo abiria wa Meru wote hunyamaza wakilikaribia kwa sababu ya ajali zake. Mimi nilikuwa sijawahi kuunganisha hayo mawili kichwani.

Ziwa sasa. Lake Michaelson iko kama mita 4,000 kwenye kichwa cha bonde, imezungukwa karibu pande zote na mwamba, na Temple inasimama juu yake kama mita 300 wima, ukisimama ufukweni lazima uinue kidevu kabisa uone mwisho wake. Maji asubuhi yalikuwa meusi, jua likafika yakawa kijani, wingu likaja yakarudi meusi. Kuna waliojitosa. Mimi niliingiza miguu mpaka kwenye vifundo nikatoka nikipiga kelele, hizo dakika chache zikatosha. Tulikaa hapo kama saa nzima na ningekaa mbili. Kijana wa kampuni alikuwa na bendera yao na anataka picha ya kila mtu na bendera, mmoja mmoja, halafu wawili wawili, halafu ya kikundi mkiruka, mpaka mzee akamwambia saa ya kupanda ikipita hatupandi, tutarudi tulikotoka. Akaonyesha saa yake. Tukaondoka.

Chakula cha mchana: mkate wa siagi, yai moja, ndizi moja, juisi ya boksi. Kwa siku ya saa kumi na tatu! Na chai hakuna, ati thamosi zilibaki kambini. Kwa 16,000 nilitarajia hata viazi vitamu au nduma, vitu ambavyo huko Chogoria vinauzwa barabarani bei ya kutupa na vinashika tumbo. Porta mmoja alinigawia kipande cha nduma yake na nimemkumbuka kwenye bakshishi.

Baada ya hapo ndo ukuta. Kutoka ziwani mpaka Hall Tarns ni kama mita 300 za kupanda na kuna sehemu miguu peke yake haitoshi, unashika jiwe, unapandisha goti, unatafuta pengine. Haihitaji kamba kwa mtu aliyetulia, mzee alikuwa nayo fupi kwenye begi na haikutoka, lakini ukiteleza hapo hutaanguka kidogo. Namna alivyotupitisha ndo sababu ya mimi kukaa kuandika haya yote. Kwanza alitusimamisha wote pembeni nyuma ya jabali, siyo chini ya njia, akasema anapanda mmoja mmoja, aliye juu akigusa jiwe likasogea anapiga kelele "jiwe!" na hakuna kuangalia juu, unajibana ukutani. Akatwambia fimbo zote zifungwe kwenye begi, glavu nene zivuliwe. Viungo vitatu viwe kwenye mwamba muda wote na kimoja tu ndo kinatembea. Akapanda yeye huku anapima mawe, mengine akiyapiga kwa kiganja akisikiliza, yaliyolegea akayatoa akayaweka kando vizuri badala ya kuyatupa.

Katikati dada mmoja wa kikundi akagoma. Siyo kwa maneno, aligoma mwili, mikono miwili imeng'ang'ania, mguu mmoja unatetemeka juu chini juu chini kama cherehani, hasemi, hasogei. Kijana wa kampuni kutoka chini anaanza "panda tu madam, ni rahisi, wenzako wamepita!" Mzee akashuka kwa pembeni mpaka akawa chini yake kidogo, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Madam, kisigino chini. Kishushe. Mguu unatetemeka kwa sababu umesimama kwa vidole." Akashusha. Kutetemeka kukakoma, hivyo tu. Akauchukua ule mguu wa pili kwa mkono wake, akauweka juu ya kibao cha jiwe chenye upana wa sabuni, akaushikilia pale. "Usiutafute kwa macho. Nimeushika. Simama." Akasimama. Akafanya hivyo hatua nne tano, halafu akaacha kushika bila kumwambia na dada akaendelea mwenyewe mpaka juu. Kule juu alilia kidogo akacheka, mzee akampa peremende, akarudi chini kuchukua mwingine.

Hiyo huwezi kuinunua kwa bango, na hakuna mahali kwenye bango imeandikwa nani atakuongoza. Imeandikwa drone, imeandikwa fulana ya bure, imeandikwa muziki kwenye basi.

Hall Tarns ni vidimbwi kadhaa vimetandazwa kwenye uwanja wa mwamba bapa, pimbi wamejaa wanene hawana adabu wanaingia mpaka kwenye begi, na ukisogea ukingoni unaliona ziwa ulilotoka likiwa dogo chini kabisa. Lala kifudifudi ndo uchungulie, upepo hapo unakuja kwa vishindo. Tulibaki kidogo tu maana mvua ya mawe ilianza, punje ndogo ndogo zinazochoma masikio, na mzee hapendi watu wawe ukingoni kukiwa na ngurumo.

Kurudi kwa ule ukingo bonde likiwa mkono wa kulia ni kurefu na kwa siku yenye hewa safi nadhani hakuna matembezi yanayofikia haya hapa nchini, unapanda vijiwe unashuka, unapanda tena, kuna sehemu unashika kwa mkono mmoja na nyingine unakaa kwa matako uteremke, kuta zote za Gorges ziko wazi pembeni yako. Sisi tuliona nusu, nusu ilikuwa ukungu. Magoti yalinikumbusha umri. Tulifika Roadhead saa kumi na moja na nusu jioni na gari halipo. Halikuwepo kwa saa nzima na dakika kadhaa, tumeloa, giza linaingia, na sababu tuliyopewa ni kwamba gari lilikuwa limeenda kuleta kikundi kingine cha kampuni hiyo hiyo. Yaani walikuwa wanabana matumizi na magari na sisi ndo tunalipa kwa kutetemeka. Mpishi alitembea kutoka kambini na ndoo ya uji wa wimbi akatukuta njiani, huyo na mzee wangefungua kampuni yao leo ningekuwa mteja wa kwanza.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, mimi nakushauri usiulize kwanza bei wala picha zao. Waulize nani anaongoza, anatoka wapi, na watu wangapi kwa mwongozaji mmoja, sisi tulikuwa kumi na nne na mmoja na hiyo ni nyingi kwa ukuta ule. Uliza saa ya kutoka kambini na saa ya kugeuza, wakikosa jibu la saa ya kugeuza funga simu. Uliza maporta wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, mimi nimeuliza baada ya safari na mpaka leo meseji imesomwa haijajibiwa. Na usiku wa kwanza lala pale getini kwenye zile banda, yaani vijumba vya kulala, ni karibu mita 2,950, siku ya pili ndo mpande Ellis polepole, ya tatu ndo hii siku yenyewe. Ni pesa zaidi, ndiyo, na siku moja zaidi ya likizo, lakini yule mwenzetu wa kutapika alilipa 16,000 zile zile akaishia kuona bati la banda la getini.

Januari na Februari ndo muda wenyewe, au Agosti na Septemba, Aprili achana nayo kabisa kwa sababu ya ile barabara. Nguo za kubadilisha ziweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi hata kama begi wamekuambia haliingizi maji. Mkiwa na watoto wadogo ishieni Lake Ellis, gari linafika karibu kabisa na samaki wamo.

Mimi nimeshachukua namba ya mzee. Tumeongea na kikundi cha watu sita, tunaenda Februari bila mtu wa Nairobi katikati, yeye anatafuta Land Cruiser na mpishi ni yule yule wa ndengu. Bei tumepiga hesabu inakuja juu kidogo ya ile ya kampuni kwa siku nne badala ya tatu, waongozaji wakiwa wawili, na masharti yake ni mawili tu, tusiwe na bendera na kila mtu aje na thamosi yake.